Simu Imesasishwa, Chaji Yakimbia: Usikimbilie Kununua Betri

Maelezo haya yalitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha wakaazi kilichofanyika Galu, kaunti ndogo ya Msambweni. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika. Baadhi ya maswali ya wakaazi na majibu yake yamo mwishoni.

   

Leo sikuja kuzungumzia barabara wala maji. Hayo yana wenyewe na yana siku yake. Nimekuja na jambo lililo mfukoni mwa karibu kila mmoja wetu. Katika kuzunguka kwangu kwa kazi hii ya kupasha habari, nimekuwa nikikutana na lalamiko moja kuanzia Ukunda, Gazi na Msambweni mpaka Lunga Lunga. Mtu ananiambia: "Simu yangu ilikuwa inakaa na chaji kutwa nzima. Ikaniletea ujumbe kwamba kuna sasisho la mfumo, nikakubali. Tangu siku ile, saa sita mchana haifiki." Kisha mwenye simu hufanya moja kati ya mambo matatu. Hununua betri mpya, au humpa simu mtu asiyemjua vizuri amtengenezee, au huapa kwamba hatasasisha simu tena. Mara nyingi yote matatu huwa ni hasara.

Kuna watakaosema kwamba chaji ya simu ni jambo dogo, halistahili kuitiwa watu. Mimi sioni hivyo. Tangu M-Pesa ianze hapa nchini mwaka 2007, simu imekuwa pochi yetu. Mama anayeuza samaki wa kukaanga hapo njiani hulipwa kwa simu. Kijana wa bodaboda huitwa na wateja wake kwa simu. Mvuvi aliyepita mwamba akiharibikiwa na mashine, hutegemea simu kuwaita wenzake. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, gari huitwa kwa simu. Simu ikizima, yote hayo yamesimama.

Haya nayasema nikiwa nimeyaonja mwenyewe. Jioni moja nilikubali sasisho, nikalala. Kesho yake nikatoka kikazi. Kufika saa saba mchana nina asilimia tisa, na saa nane simu imezima. Siku hiyo shangazi yangu alikuwa hospitalini, ameandikiwa dawa, anasubiri pesa nilizomuahidi. Zilimfikia baada ya magharibi. Alikaa kwenye benchi tangu adhuhuri akinipigia, simu haipatikani. Kwa hasira, asubuhi yake nikaenda kununua betri kwa shilingi 1,800. Wiki nzima chaji ikaendelea kukimbia vilevile. Ndipo nikafungua ukurasa wa betri ndani ya simu, jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nikakuta programu moja ya hali ya hewa, ambayo sikumbuki hata mara moja kuifungua, ndiyo iliyokuwa inakula chaji kwa kutafuta mahali nilipo usiku na mchana. Niliiondoa, na simu ikarudi hali yake. Betri yangu ya kwanza haikuwa na kosa lolote, na shilingi 1,800 zangu hazikurudi.

Kwa hiyo ninayowaambia leo ni utaratibu. Tuanze na yasiyogharimu kitu, na kununua kuje mwisho.

Kwa nini chaji hukimbia baada ya kusasisha

Sasisho ni marekebisho ambayo waliotengeneza simu au mfumo wake wanakutumia. Mengine huongeza mambo mapya, lakini yaliyo muhimu zaidi huziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni wanaweza kupitia.

Mfano wake ni mtu aliyehamia nyumba nyingine. Siku ya kwanza na ya pili hakuna kupumzika. Vyombo vinapangwa, kitanda kinaunganishwa, mizigo inafunguliwa. Anachoka kuliko siku zote. Simu nayo baada ya kusasishwa huwa katika hali hiyo. Ndani kwa ndani inaziandaa upya programu zako ziendane na mfumo mpya, inapanga upya orodha ya picha na mafaili, na inapakua masasisho ya programu nyingine. Kazi hiyo hufanyika hata simu ikiwa mezani, kioo kimezima. Ndiyo maana unaweza kuihisi ina joto na hukuigusa.

Jambo la pili ni kwamba simu nyingi za Android, kuanzia toleo la 9 lililotoka mwaka 2018, hujifunza tabia yako. Huangalia ni programu zipi unazitumia kila siku na zipi unazigusa mara moja kwa mwezi, kisha hizi za pili huzipunguzia nafasi ya kula chaji. Baada ya mabadiliko makubwa, simu inaweza kuhitaji siku kadhaa kuyazoea matumizi yako tena.

Hatua ya kwanza: ipe siku tatu

Ukishasasisha, izime simu kabisa kisha uiwashe. Usiku iweke kwenye chaji, na kama una Wi-Fi karibu, iunganishe ili imalize kupakua inavyovitaka. Anayetumia bando awe mwangalifu, kwa sababu masasisho ya programu yanaweza kumaliza bando lake pia. Kisha subiri siku mbili au tatu. Kwa simu nyingi, shida huisha yenyewe katika muda huo, na hujatumia hata shilingi moja.

Na tafadhali, msisasishe simu usiku wa kuamkia safari, mtihani, au siku ya kwenda baharini. Chagua siku utakayokuwa nyumbani, karibu na stima.

Hatua ya pili: isome simu yako

Siku tatu zimepita na chaji bado inakimbia. Sasa fungua mipangilio, ile yenye alama ya gurudumu lenye meno. Tafuta palipoandikwa betri, kisha matumizi ya betri. Simu itakuonyesha orodha ya programu na asilimia ambayo kila moja imetumia.

Orodha hiyo isomeni kama mwenye duka anavyosoma daftari la madeni. Ukiona kioo cha simu kiko juu, au programu ya video uliyoitazama saa mbili, hakuna cha kushangaza. Hayo ni matumizi yako mwenyewe. Unayemtafuta ni yule ambaye hukumkopesha lakini jina lake liko juu: programu ambayo hukuifungua leo, na imekula asilimia kumi au kumi na tano.

Ukimpata, usianze kwa kumfukuza. Kwanza nenda Play Store, au App Store kwa wenye iPhone, uisasishe programu hiyo. Mara nyingi tatizo ni kwamba mfumo umebadilika na programu imebaki ya zamani, kwa hiyo inajaribu jambo lilelile, inashindwa, inarudia. Ikiendelea, izuie kufanya kazi chinichini. Ikiendelea bado na huihitaji, iondoe.

Lakini angalieni hapa. Ukiizuia programu ya ujumbe kufanya kazi chinichini, ujumbe unaweza kukufikia kwa kuchelewa. Na usiondoe wala kuzima kitu cha mfumo usichokijua kwa sababu tu jina lake limo kwenye orodha.

Hatua ya tatu: angalia kilichobadilika

Wakati mwingine sasisho hubadilisha mipangilio bila wewe kugundua. Angalia mambo manne.

La kwanza ni mwangaza wa kioo. Kioo ni miongoni mwa vitu vinavyokula chaji zaidi katika simu. Punguza mwangaza, au iachie simu ijirekebishe yenyewe. Weka kioo kizime baada ya sekunde thelathini. Kama sasisho limeleta saa inayobaki kwenye kioo muda wote, na huihitaji, izime.

La pili ni ruhusa ya kujua mahali ulipo. Programu ya ramani inaihitaji ruhusa hiyo unapoitumia. Mchezo wa watoto hauihitaji kabisa. Katika mipangilio unaweza kuchagua kwamba programu ijue mahali ulipo pale tu unapoitumia.

La tatu ni vitu vilivyowashwa bila kazi. Kumgawia mwenzako intaneti kutoka kwenye simu yako kunakula chaji sana. Ukishamaliza kumgawia, zima.

La nne ni mtandao, na hili ni letu hasa sisi wa Kwale. Simu ni kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Mwenzake akiwa karibu, anamnong'oneza. Akiwa mbali, anapaza sauti, na kupaza sauti kunachosha. Ukiwa mbali na mnara, iwe ni ndani ya Kinango au nje baharini, simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta na kuung'ang'ania. Wakaazi wa upande wa Vanga na Lunga Lunga wanajua pia jinsi simu inavyoweza kurukia mtandao wa ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo, kabla ya kulilaumu sasisho, jiulize: siku hizi tatu nilikuwa wapi? Aliyehama kutoka Ukunda mjini kwenda shambani anaweza kudhani simu imeharibika, kumbe ni mnara ulio mbali.

Mahali pasipo na mtandao kabisa, weka simu kwenye hali ya ndegeni, ile yenye alama ya ndege. Itaacha kutafuta mnara bure, na chaji itabaki kwa ajili ya pale utakapoihitaji. Kumbuka tu kwamba ikiwa kwenye hali hiyo hupigiki, kwa hiyo usiiache hivyo pale ambapo mtandao upo na watu wanakutegemea.

Joto la pwani

Betri za simu zetu ni za lithiamu, na adui yake mkubwa ni joto. Kampuni ya Apple, kwa mfano, inawashauri wateja wake wasitumie simu mahali penye joto la hewa linalozidi nyuzi 35. Sisi msimu wa kaskazi, Februari na Machi, tunakaribia hapo hata kivulini. Sasa fikirieni simu iliyowekwa juani juu ya dashibodi ya matatu, au kwenye kishikio cha pikipiki adhuhuri, ramani imewashwa na chaja imechomekwa. Hapo betri inachemka, na madhara yake hayarudi nyuma. Uwezo ukishapungua kwa sababu ya joto, umepungua moja kwa moja.

Waendesha bodaboda, ikiwezekana wekeni simu kivulini mnapoichaji. Mnaochaji kwa sola, paneli ndiyo ikae juani, simu ikae kivulini. Na usiku, msilaze simu chini ya mto ikiwa kwenye chaji.

Wakati betri kweli imechoka

Sisemi kwamba betri haizeeki. Hakuna betri ya milele. Ukitumia jumla ya asilimia mia moja, hata kama ni hamsini leo na hamsini kesho, hiyo ni duru moja. Apple husema kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya duru 500, na kuanzia iPhone 15 ni duru 1,000. Umoja wa Ulaya nao umeweka sheria iliyoanza tarehe 20 Juni 2025, kwamba simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na betri inayofika duru 800 ikiwa na angalau asilimia 80. Anayechaji kila siku anaweza kupiga hesabu yake mwenyewe. Baada ya miaka miwili au mitatu, kushuka kwa chaji si ajabu, na sasisho limekuta tu mzee amechoka.

Dalili za betri iliyochoka ni hizi: simu inazima ghafla ikiwa bado na asilimia ishirini au thelathini, asilimia zinaruka, kutoka hamsini hadi ishirini na tano kwa dakika chache, au mgongo wa simu umeanza kuinuka.

Kuna jaribio dogo. Saa tatu usiku, simu ikiwa na asilimia themanini, iweke kwenye hali ya ndegeni na usiiguse mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ikipungua asilimia chache tu, betri yako huenda ni nzima, na wa kutafutwa ni programu au mtandao. Ikiporomoka hata hivyo, shuku betri. Huo ni ushahidi mzuri, ingawa si hukumu.

Na ili haki itendeke, niseme pia kwamba wanaoshuku masasisho hawakosei kila mara. Mwezi wa Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba sasisho lake lilikuwa linapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizozeeka. Ilieleza kwamba lengo lilikuwa kuzizuia zisizime ghafla. Kosa kubwa lilikuwa kutowaambia wenye simu. Kampuni hiyo ilishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka 2018, ikaongeza ukurasa unaoonyesha afya ya betri, na mwaka 2020 ikatozwa faini ya yuro milioni 25 nchini Ufaransa. Nchini Italia, mwaka 2018, Apple na Samsung zote zilitozwa faini kuhusu masasisho yaliyodhoofisha simu. Basi mteja ana haki ya kuuliza. Ikiwa simu yako iko ndani ya muda wa dhamana, irudishe ulikoinunua ukiwa na risiti kabla ya kumruhusu mtu mwingine kuifungua.

Hatua ya mwisho kabisa

Yote yakishindikana, unaweza kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Hii hufuta kila kitu. Picha za harusi, nambari za wateja, kumbukumbu za chama, vyote huondoka. Kwa hiyo hifadhi kwanza nakala ya unachokihitaji, na hakikisha unaikumbuka barua pepe na nywila unazotumia katika simu hiyo. Wako waliofuta simu kisha ikawauliza nywila wasiyoijua, ikabaki jiwe. Usifanye hatua hii peke yako kama huna uhakika. Muombe kijana wa nyumbani unayemuamini akae nawe.

Fundi, PIN na watu wa mtandaoni

Tunao mafundi wazuri, na kazi yao ni ya halali. Lakini kabla ya kumwachia mtu simu, toa laini yako, maana M-Pesa yako imo kwenye laini hiyo. Hakuna ukarabati wa betri unaohitaji PIN yako ya M-Pesa, na anayeiomba muondokee. Muombe fundi akuonyeshe betri anayoiweka, na ikiwezekana abadilishe ukiwa umekaa hapo.

Sasisho la kweli hulikuta ndani ya mipangilio ya simu yenyewe. Ukitumiwa ujumbe wenye kiungo ukisema "simu yako iko hatarini, bonyeza hapa usasishe", usibonyeze. Vivyo hivyo na zile programu zinazoahidi kukuongezea maisha ya betri au kusafisha simu. Nyingi huleta matangazo na hula chaji hiyohiyo. Simu yako tayari ina kiokoa betri ndani yake, na hakina malipo.

Maswali ya wakaazi

*Mzee mmoja aliuliza: si bora nikatae masasisho yote niepuke taabu hii?*

Hapana, mzee wangu. Mwezi wa Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali nchini Uingereza, hadi miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Sasisho la kuziba tundu hilo lilikuwa limetolewa mwezi wa Machi, miezi miwili nyuma. Walioathirika ni ambao hawakuwa wamesasisha. Simu yako ina pesa ndani, usiuache mlango wazi kwa kuogopa taabu ya siku tatu.

*Mama mmoja aliuliza: nilisikia ni lazima simu iishe kabisa ndipo niichaji.*

Hiyo ilikuwa ya betri za aina ya zamani, mama. Hizi za lithiamu hazipendi kuishiwa kabisa. Ichaji wakati wowote. Kuiweka kati ya asilimia ishirini na themanini kunaisaidia kudumu.

*Kijana aliuliza: nifunge programu zote kila mara ili niokoe chaji?*

Haisaidii kama unavyodhani. Programu unayoitumia mara kwa mara ukiifunga kila dakika, simu hulazimika kuianzisha upya, na kuanzisha kuna gharama. Funga ile iliyokwama au ile uliyoiona kwenye orodha ya betri.

*Mvuvi aliuliza: simu ikipata joto sana, naweza kuiweka kwenye boksi la barafu?*

Usithubutu. Baridi ya ghafla huleta unyevu ndani ya simu, na maji hayo huiua. Iondoe kwenye jaladа lake, izime, iweke kivulini penye upepo. Na mkienda baharini, ondokeni na chaji kamili, simu ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mwenye uwezo abebe pia kabambe ya vibonyezo, ambayo chaji yake hukaa siku kadhaa. Hiyo ndiyo akiba ya kupigia 999 au 112 ikibidi.

*Mama mwingine aliuliza: simu yangu imevimba mgongoni lakini inafanya kazi. Niendelee?*

Hapana, mama. Iache kuichaji leo hii. Usiibonyeze, usiitoboe. Betri iliyovimba inaweza kushika moto. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kurudisha kiwandani simu zake za Galaxy Note 7 dunia nzima kwa sababu betri zilikuwa zikiwaka. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha umpelekee fundi. Na betri kuukuu tusizitupe kwenye shimo la taka tunalolichoma moto nyuma ya nyumba, ambako watoto hucheza.

Kwa kumalizia

Wapendwa, utaratibu wenyewe ni mfupi. Ipe simu siku tatu. Izime na uiwashe. Soma ukurasa wa betri. Sasisha programu. Angalia kioo, mahali, mtandao na joto. Pima betri usiku mmoja. Baada ya hapo ndipo uzungumze na fundi, ukiwa unajua unachomwambia.

Na msisahau kwamba stima nayo hukatika. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani kwa saa nyingi, na mwenye asilimia kumi jioni ile alijuta. Chaji ikifika asilimia ishirini, washa kiokoa betri, na ibakishe ya kumpigia mtu anayekusubiri.

Shangazi yangu alinisamehe, lakini mpaka leo nikimtembelea huniuliza kwanza kama simu ina chaji, ndipo anijulie hali. Nisingependa ndugu wa yeyote kati yenu akae kwenye benchi ya hospitali namna ile.